Klachi ikishika juu sana: pima pedeli kabla ya kununua pleti mpya

Msikilizaji wetu mmoja, dereva wa kirikuu anayeteremsha mahindi na maharage kutoka Mamboya kwenda Dumila, alitutumia ujumbe huu: "Mtangazaji, gari likipandisha linavuma tu, haliendi, na kuna harufu ya kuungua. Fundi anasema klachi imekwisha, ninunue seti nzima. Ni kweli?"

Inawezekana ni kweli. Lakini kabla hujauza mbuzi, kuna kipimo cha dakika tano ambacho unaweza kukifanya mwenyewe, na kinahitaji rula ya mtoto wa shule tu.

Klachi inakaa katikati ya injini na giaboksi. Ndani yake kuna pleti la duara linalobanwa kwa springi yenye nguvu, na kule kubanwa ndiko kunakopeleka nguvu ya injini kwenye matairi. Ukikanyaga pedeli, waya unavuta mkono ulio kwenye giaboksi, beringi inasukuma springi, na pleti linaachiwa ili ubadili gia. Ukiachia pedeli, pleti linabanwa tena.

Sasa, pedeli haitakiwi kuanza kazi mara tu unapoigusa. Mwanzoni inatakiwa iwe na ulegevu, yaani inashuka kidogo bila kusukuma chochote. Zima gari, weka rula pembeni ya pedeli, kisha ibonyeze kwa mkono, siyo kwa mguu, maana mguu hauhisi vizuri. Itashuka kirahisi, halafu utahisi imegonga kitu kizito. Umbali huo ndio ulegevu. Kwa magari mengi madogo ya waya huwa kati ya milimita 10 na 25, lakini kama una kitabu cha gari lako, fuata kilichoandikwa humo.

Kama hakuna ulegevu kabisa, maana yake beringi inasukuma springi muda wote, hata mguu wako ukiwa mbali. Pleti halibanwi sawasawa. Kwenye tambarare hutajua, lakini ukianza kupanda milima yetu hii ya Ukaguru na magunia nyuma, pleti linateleza, linapata moto na kuungua. Ulegevu ukizidi, mambo yanakuwa kinyume chake: unakanyaga hadi chini lakini pleti haliachii lote, gia ya kwanza na ya kurudi nyuma zinakwaruza au zinagoma. Kugomewa na gia katikati ya mteremko, na mgonjwa wa kupeleka Berega yuko ndani, si jambo la kuomba.

Wengi hushangaa wakisikia kwamba pleti likilika, ulegevu unapungua, hauongezeki. Springi inasogea kuelekea beringi na ile nafasi inaliwa. Kwa hiyo klachi inayopanda juu kidogo kidogo kwa miezi inakuambia pleti linakwisha. Ikipanda ghafla baada ya kutoka gereji, muulize fundi alikaza nini.

Ndivyo ilivyokuwa kwa msikilizaji wetu. Mwezi mmoja nyuma aliomba klachi ikazwe kwa sababu ilikuwa chini, ikakazwa hadi ulegevu ukaisha wote.

Kurekebisha: egesha sehemu tambarare, vuta hendibreki, weka mawe kwenye matairi. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, tafadhali. Fuata waya wa klachi hadi unapoishia kwenye mkono wa giaboksi; hapo kuna nati, na mara nyingi ya pili ya kuifunga. Kwa kawaida ukiikaza ulegevu unapungua, ukiilegeza unaongezeka. Zungusha nusu mzunguko tu, kanyaga pedeli mara kadhaa, pima tena. Kama nati imefika mwisho wa uzi wake na klachi bado inateleza, hapo fundi wako amesema kweli, pleti limekwisha.

Ukimaliza, washa gari, kanyaga klachi hadi mwisho, subiri kidogo, weka gia ya kurudi nyuma. Iingie bila kukwaruza. Kisha, hendibreki ikiwa imevutwa na mbele yako pakiwa wazi, weka gia ya tatu na uachie klachi taratibu. Injini inatakiwa kuzimika. Ikiendelea kuunguruma, klachi inateleza bado. Jaribu mara moja tu, kwa sababu jaribio lenyewe linaunguza pleti.

Haya yote ni kwa klachi ya waya. Land Cruiser na magari mengine mengi hutumia mafuta badala ya waya. Huko pedeli ikienda chini, na ikapanda ukiipampu, tafuta kuvuja au hewa iliyoingia kwenye mfumo. Ongeza mafuta ya breki yanayotakiwa na gari hilo, kamwe usiweke oili ya injini wala mafuta ya kula, kwani yanaharibu raba za silinda.

Msikilizaji wetu alilegeza nati, na kirikuu inapanda. Ile harufu haijarudi, ingawa pleti lilishaungua kiasi na halitadumu kama lingekuwa zima. Amesema ameacha pia ile tabia ya kupumzisha mguu juu ya pedeli akiwa safarini, na kulishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya hendibreki. Hiyo ya pili, nakiri, hata mimi ninayo.