Waya Uliomo Ndani ya Simu

Mjukuu wangu akisema, "Babu, nimenunua laini," anatoa kiplastiki kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Mimi kazini nilifundishwa kuwa laini ni jozi ya nyaya za shaba, zatoka nyumbani kwa mteja, zapita chini ya barabara, zaingia kwenye fremu yetu katika ukumbi wa mitambo ya simu.

Nyaya hizo moja ni tipu, nyingine ringi. Nilipoanza nilidhani ringi ni ya kengele, maana umeme wa kengele, kama volti 75 hivi, ulikuwa umeshanirusha mara kadhaa. Kumbe ni mambo ya opereta. Aliunganisha watu kwa plagi yenye umbo la kalamu: ncha yake ni tipu, na kile kipete kilichofuata nyuma ni ringi. Plagi zikaondoka, majina yakabaki kwenye waya.

Mtambo niliojifunzia ulikuwa wa Strowger. Almon Strowger alikuwa na biashara ya mazishi Kansas City, Marekani, na husimuliwa kuwa alishuku opereta anampelekea mpinzani wake simu za wafiwa. Akabuni swichi isiyohitaji opereta, akapata hataza mwaka 1891. Mwaka uliofuata ikaanza kazi mjini La Porte, Indiana.

Sisi tuliiita selekta. Ukizungusha 4, simu yako inakata umeme mara 4, na sumaku inapandisha shina ngazi 4: ta-ta-ta-ta. Tarakimu ya mwisho inazungusha vijikono vya shina hilo pembeni. Ngazi 10 kwa hatua 10, wateja 100. Sifuri ni mapigo 10, ndiyo maana kwenye simu za kuzungusha ilikaa baada ya 9. Selekta za mwanzo zilipanda kwa tarakimu yako, halafu zikazunguka zenyewe kutafuta tranki, yaani njia ya kwenda mbele, iliyo wazi. Tulisema "inawinda". Fundi mzuri alijua kwa sikio selekta ipi imekwama, kabla hajaiona.

Tranki zikijaa, mteja anasikia tuu-tuu. Ziwekwe ngapi? Hapo ndipo penye erlangi, kipimo chenye jina la Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen. Simu 20 za dakika 3 ndani ya saa moja ni erlangi 1: njia moja imeshikwa saa nzima. Wahandisi wa minara wanakitumia hadi leo.

Mitambo ya dijitali ilipofika, ukumbi ukanyamaza. Sauti inapimwa mara 8,000 kwa sekunde, inageuzwa namba, na kuunganisha watu wawili ni kuhamisha namba tu. Hakuna kinachopanda wala kuzunguka. Bado tunaiita swichi.

Mjukuu ananicheka kwa laini yangu ya shaba. Nikamwambia hata neno simu limetoka kwa Waajemi, na kwao *sim* ni waya. Akaigeuza ile yake mkononi, mbele na nyuma, akiutafuta.