Lori la Kijiji: Chesisi Nzito au Nyepesi?

Mizani ya barabarani haibagui gunia na chuma. Hupima gari na mzigo pamoja. Tarehe 1 Machi 2019 Tanzania ilianza kutumia sheria ya Afrika Mashariki ya uzito wa magari. Lori kubwa kabisa na tela lake, pamoja na mzigo, halitakiwi kuzidi tani 56. Kwa hiyo kila kilo ya chuma huchukua nafasi ya kilo ya mahindi.

Ndiyo maana watengenezaji wengine hupunguza uzito wa chesisi. Chesisi ni ile mihimili miwili mirefu iliyo chini ya bodi. Injini, springi na bodi vyote hufungwa hapo. Ni uti wa mgongo wa gari.

Tufanye hesabu. Tuseme lori moja ni jepesi kuliko jingine kwa kilo 400. Hayo ni magunia 4 ya kilo 100. Kwa safari 50, ni magunia 200 zaidi. Si haba. Lakini ukibeba pamba hupati faida hiyo. Pamba hujaza bodi kabla uzito haujatimia.

Wako wanaotumia alumini, kama ile ya masufuria. Kipande cha chuma cha kilo 3, kikitengenezwa kwa alumini, kitakuwa na kilo 1 hivi. Lakini alumini hupinda mara tatu zaidi. Basi mhimili wake hufanywa mnene, na nafuu ya uzito hupungua. Tena alumini huchoka. Chukua waya, uupinde huku na huku. Mwishowe utakatika, ingawa hukuuvuta. Kila shimo la barabara huipinda chesisi hivyo. Chuma huweza kuvumilia mapindo madogo miaka mingi, mradi usizidishe mzigo. Alumini huzidi kuchoka, hata kwa mapindo madogo.

Wengine hutumia chuma kilichokomazwa kwa moto kiwandani. Nguvu yake huweza kufika mara tatu ya chuma cha kawaida, hivyo mhimili huwa mwembamba. Hapa ndipo wengi wanapoumia.

Kijiji kimoja nilichokihudumia kilinunua lori kuukuu la namna hiyo. Ufa mdogo ulitokea karibu na springi ya nyuma. Fundi akauchomelea, kama alivyozoea kuchomelea plau. Moto ule ukalegeza chuma pembeni mwa kiraka. Wakati wa mavuno chesisi ikakatika hapo hapo, lori likiwa limejaa mahindi ya watu. Usiku mvua ikanyesha. Mimi nilikuwa mmoja wa waliomsifu fundi yule.

Kwa kijiji kilicho mbali na lami, mimi ningechagua chuma cha kawaida, kinene, hata kama ni kizito. Fundi wa karibu anakiweza. Chesisi nyepesi inafaa zaidi kwa wanaopita lami kila siku.

Kabla hamjalipa fedha, osheni matope chini ya gari. Ingieni chini na tochi. Tazameni kwenye vishikizo vya springi na matundu ya bolti. Mstari mwembamba wa kutu juu ya rangi huenda ni ufa. Mkikuta kibandiko kinachokataza kuchomelea au kutoboa, mwonyesheni fundi. Chesisi hiyo huungwa kwa kipande cha chuma na bolti, kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Na kama lori limekuwa likibeba chumvi au mbolea, gongeni kila sehemu yenye kutu kwa nyundo ndogo, msikilize mlio.