Shamba Lililovuka Mto: Kuhama Programu ya Ramani Katika Nchi ya Chai

Tulipoaga pwani wengi wenu mlituuliza ni kazi gani inayowapeleka vijana wa Mombasa na Lamu hadi Bomet, mahali ambapo samaki wa bahari hufika akiwa amegandishwa barafu. Tuliwajibu kwa mkato kwamba tunachora ramani. Jibu lilikuwa la kweli, lakini mama zetu hawakuridhika nalo, na walikuwa na haki. Leo tumepewa nafasi katika kurasa hizi, nasi tutaeleza jambo moja tu katika kazi hiyo: jinsi tulivyoihama programu ya ramani tuliyoizoea tukaingia katika mpya, na jinsi shamba la chai la mama mmoja lilivyovuka mto ilhali yeye hakuhama.

Bomet iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Anayetoka pwani hupita Nairobi, akateremka bonde la ufa kwa njia ya Mai Mahiu, akapita Narok, kisha hewa ikabadilika na vilima vikawa vya kijani kibichi kama kitambaa kilichopigwa pasi. Mto Nyangores hupita kando ya mji, na mbele huko hukutana na mto Amala ukazaliwa mto Mara. Hata kibla hubadilika. Mombasa na Makka ziko karibu katika longitudo moja, ndiyo maana kwetu mtu huelekea kaskazini moja kwa moja akawa amepatia. Bomet iko magharibi zaidi, na tulipokokotoa tulipata kwamba inatupasa kugeuka takriban digrii 11 mashariki mwa kaskazini. Hilo ndilo lililokuwa somo letu la kwanza la ramani katika nchi ya chai: ukihama mahali, hesabu uliyoizoea haihami pamoja nawe.

Ofisi iliyotuajiri ilikuwa na kazi ya kuonyesha mashamba madogo ya chai na vituo ambako wakulima hupeleka majani mabichi yakapimwe na kupakiwa kwenye lori. Jani la chai likishachumwa halisubiri. Likikaa muda mrefu katika kikapu hupata joto na kuharibika, na kiwanda hulikataa. Kwa hiyo mkulima kupangiwa kituo kilicho karibu naye, au kilicho ng'ambo ya mto usio na daraja, ni tofauti kati ya kulipwa na kurudi nyumbani na kikapu chake. Tafadhali likumbukeni jambo hilo tunapoingia katika habari za kompyuta.

Kampuni ya Esri, iliyoanzishwa mwaka 1969 huko Redlands, California, ndiyo iliyotoa programu iitwayo ArcMap, ambayo kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa darasa la karibu kila mchora ramani wa Kenya aliyepitia chuo kikuu. Mwaka 2015 kampuni hiyo ikatoa nyingine, ArcGIS Pro, na baadaye ikatangaza kwamba msaada wake kwa ArcMap utakoma tarehe 1 Machi 2026. Jambo hili halikuwa dogo kwa nchi yetu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10 uliojengwa juu ya hifadhidata ya ramani za kompyuta. Kwa hiyo kaunti zote 47 zilihitaji watu wa kazi hii, na wengi wao walikuwa wamejifunza kwa programu ile kongwe.

Miongoni mwetu alikuwamo mzee mmoja, mwenyeji wa huku huku, aliyekaribia kustaafu. ArcMap aliijua kama fundi wa jahazi anavyoijua tezo yake. Mkono wake ulikwenda kwenye kitufe kabla ya jicho. Programu mpya ilipowekwa, vitufe vyote vilihama. Penye safu za menyu zisizobadilika pakawa na utepe mpana juu ya dirisha, nao hubadilika kulingana na kitu ulichokichagua: ukigusa tabaka la mito hutokea zana hizi, ukigusa jedwali hutokea zile. Mzee alikuwa akitafuta zana aliyoitumia mara 1,000, haioni, na hamu ya kuuliza ikazuiwa na heshima yake, kwa kuwa wa kuulizwa alikuwa binti wa Mombasa mwenye umri wa mjukuu wake. Kwa muda wa juma zima alifika mapema kabla yetu ili ahangaike peke yake. Binti alilitambua hilo. Asubuhi moja naye akawahi, akamwekea kikombe cha chai ya maziwa na kumwambia, "Mzee, naomba unionyeshe namna mlivyokuwa mkifanya katika ile ya zamani, nami nitafute hapa inapatikana wapi." Toka siku hiyo wakawa wanakaa mezani pamoja.

Hatutawachosha kwa kila tofauti. ArcMap ilikuwa programu ya biti 32, isiyoweza kutumia kumbukumbu ya kompyuta zaidi ya gigabaiti 4 hata kama mashine ina 16; mpya ni ya biti 64, na ramani nzito ya kaunti hufunguka bila kuganda. Katika ile ya zamani faili moja ilibeba ukurasa mmoja wa kuchapisha. Katika hii mradi mmoja hubeba ramani nyingi na kurasa nyingi. Faili za zamani huingizwa katika mpya, lakini hazirudi: ukishahama umehama. Waliokuwa na maandishi ya Python ya kujiendeshea kazi iliwalazimu kuyasahihisha, kwa sababu ArcMap ilitumia toleo la 2.7 na mpya hutumia la 3.

Iko tofauti moja iliyotuuma. Katika ArcMap, mtu alipotaka kuhariri mipaka alibonyeza kwanza kitufe cha kuanza kuhariri, na alipomaliza akakifunga. Ilikuwa kama kubisha hodi. Katika mpya mlango uko wazi tangu mwanzo, na kuhifadhi mradi ni jambo moja na kuhifadhi mabadiliko ya mipaka ni jambo la pili. Mmoja wetu, na hatutamtaja kwa kuwa anaandika sehemu ya makala haya, alihifadhi mradi kwa uangalifu mkubwa tangu asubuhi, umeme ukakatika saa sita, na mipaka yote aliyoichora ikapotea.

Sasa tufike kwenye mto. Tulipokwisha kuzoea vitufe tuliunda mradi mpya, tukaingiza humo tabaka la mashamba lililochorwa miaka ya nyuma, tukaweka juu yake vituo vya majani vilivyopimwa hivi karibuni kwa GPS, tukaiachia programu imtafutie kila mkulima kituo kilicho karibu. Ramani ilitoka safi, rangi zake zimetulia, nasi tukaichapisha na kuipeleka kwa wakulima kwa fahari. Pale kituoni alikuwepo mama mmoja, kikapu mgongoni, ambaye alisalimiana nasi "Chamgei" kisha akainama juu ya karatasi. Alikitafuta kiwanja chake kwa kidole. Akanyamaza. Kisha akasema kwa upole kwamba yeye ameolewa katika shamba lile, amezaa na kulea pale, na hajavuka maji hata siku moja kwenda kuchuma chai yake. Inakuwaje leo karatasi inamwambia anakaa ng'ambo ya pili ya Nyangores, na kituo chake kiko huko?

Tulimwambia kwamba labda ameisoma vibaya. Neno hilo tunalijutia hadi leo. Binti wa Mombasa ndiye aliyetoa kipimo cha GPS, akaenda na mama hadi kwenye ukingo wa shamba, akarudi na kusema mama ni mkweli: shamba kwenye ramani limesogea karibu mita 300 kuelekea kusini. Nalo halikusogea peke yake. Mashamba yote yalikuwa yamesogea, ila mengine hayakuwa na mto wa kuyasemea.

Hapa inatubidi tueleze kitu ambacho wachora ramani wenyewe hukipita haraka. Ramani za zamani za Kenya, zikiwemo zile za kiwango cha 1:50,000, zilijengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Jina hilo linatokana na safu ya vipimo iliyofuata longitudo ya 30 Mashariki kutoka Afrika Kusini hadi Misri, kazi iliyochukua miongo mingi na kukamilika mwaka 1954. GPS hutumia msingi mwingine, WGS 84, ambao umeikadiria dunia kwa umbo tofauti kidogo na kuuweka moyo wake mahali tofauti kidogo. Mahali pamoja, mti uleule, huwa na namba mbili tofauti katika misingi hiyo miwili, na kwa huku kwetu tofauti hiyo ni takriban mita 300 kwenda kusini na chini ya mita 100 kwenda mashariki. Si kosa la yeyote. Ni kama saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu: zote mbili ni sahihi, mradi mtu aseme anatumia ipi.

ArcMap ilipokutana na tabaka za misingi miwili ilitoa onyo, kisha ikakuachia wewe uamue. Usipoamua, tabaka hazikulingana. ArcGIS Pro huchagua yenyewe kanuni ya kubadilisha msingi mmoja kuwa mwingine, kimya kimya, na mara nyingi huchagua vizuri. Basi kwa nini ilikosea kwetu?

Siku mbili tulitafuta bila kupata. Siku ya tatu mzee alikuja na daftari lililochakaa, akalifungua mbele yetu bila kuketi. Miaka mingi nyuma, alisema, kazi ilitakiwa kwa haraka, onyo lile lilitokea kila alipofungua ramani, naye kama wenzake wengi alilifunga bila kulisoma. Alipoona mashamba hayakai juu ya vipimo vya GPS, aliyachagua yote na kuyasogeza kwa mkono hadi yakakaa. Katika daftari alikuwa ameandika tarehe na mwendo: kusini mita 300 na ushei, mashariki mita 90 hivi. Mashamba yakawa mahali pake halisi, lakini yakiwa bado yamebandikwa jina la Arc 1960. Programu mpya ililisoma jina, ikaliamini, ikayasogeza kwa mara ya pili.

"Mimi ndiye niliyeyasogeza," alisema, "na nilisahau kwamba niliyasogeza."

Hapakuwa na wa kumlaumu. Daftari lake liliokoa kazi ambayo sisi, kwa elimu yetu mpya, tusingeiokoa kwa mwezi. Mashamba hayakuhitaji kusogezwa tena. Yalihitaji kubandikwa jina lake la kweli, yaani WGS 84 katika kipande cha 36 Kusini. (Pwani yetu imo katika kipande cha 37, na mmoja wetu alikaribia kuandika hicho kwa mazoea.) Kazi hiyo ilichukua dakika chache. Kilichochukua muda ni kuzunguka na GPS kwenye kona za mashamba, mvua ya alasiri ikitunyeshea kila siku, ili kuhakikisha kwamba daftari na ardhi vinasema neno moja. Kwa sehemu kubwa vilisema, kwa tofauti ya mita chache, alhamdulillahi.

Baadhi yenu mna watoto wanaosoma kazi hii na mmetuuliza kuhusu gharama. Leseni ya ArcGIS Pro si ya bei ya mwanafunzi anayejitegemea. Iko QGIS, iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, ambayo ni bure na hutumika kwa kazi nzito. Nayo ilipoingia toleo la 3 mwaka 2018 iliwasumbua watumiaji wake kama sisi tulivyosumbuka, kwa sababu viongezo vingi vilivyoandikwa kwa toleo la 2 viligoma. Kijana akianza na hiyo hatapoteza kitu. Mwulizeni tu kama anajua ramani zake zimejengwa juu ya msingi upi. Akisita, mrudisheni darasani.

Na walio kazini ambao bado wana ArcMap katika mashine zao, tunawasihi wasiifute kwa pupa. Fungueni humo kila faili la zamani, hasa hifadhidata zilizojengwa juu ya Microsoft Access, ambazo programu mpya haizifungui kama ilivyozifungua ile kongwe. Zihamisheni katika muundo mpya, na kando ya kila moja andikeni lilikotoka, nani alilichora na kama liliguswa kwa mkono. Nasi tumebakiza ArcMap katika kompyuta moja iliyo pembeni, karibu na dirisha. Mzee hukaa hapo baada ya chakula cha mchana na daftari lake, akisoma kwa sauti, na binti huandika.

Ramani ya pili tulimpelekea mama yule nyumbani kwake. Alikitafuta kiwanja chake kwa kidole, akakipata upande wake wa mto, akaifuata njia hadi kwenye kituo anachokijua. Akasema "Kongoi," akatukaribisha mursik, kisha akatuonyesha mti wa jirani ambao tumeuweka upande usio wake wa ua.