Kigoma Joto, Lakini Kifaranga Anasikia Baridi

Boom likiingia, wapo wanaonunua simu na wapo wanaonunua vifaranga. Hili kundi la pili linaongezeka, hasa kwa sisi tuliopanga mtaani, na mimi naliunga mkono. Tatizo ni kwamba wengi huuliza bei ya kifaranga na bei ya chakula, wakasahau swali la kwanza: nitawapa joto la wapi?

Kwetu Ujiji swali hilo linachekesha watu. "Kigoma joto hivi, taa ya nini?" Jibu limo mwilini mwa kifaranga mwenyewe. Wa siku moja ana malaika tu, hana manyoya ya kuzuia baridi, na mwili wake bado haujaweza kujitunzia joto. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi joto 32 hadi 35 za sentigredi. Baada ya hapo unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki, mpaka aote manyoya ya kutosha, wiki ya tatu au ya nne. Sasa linganisha na hali yetu. Mchana wa Kigoma ukifika nyuzi 28 sisi tunajipepea, yeye bado anatetemeka. Usiku hushuka hadi karibu 20, na mwezi wa saba hata chini ya hapo. Kuku angewafunika kwa mbawa. Waliototolewa kwa mashine hawana mama, kwa hiyo mbawa ni wewe.

Wakikosa joto hawali vizuri, wanarundikana, na wa chini wanakosa hewa. Asubuhi unaokota waliokufa na kusema ni ugonjwa.

Tuje kwenye vyanzo. Ukitumia umeme, achana na balbu za LED, maana zinatoa mwanga mwingi na joto kidogo. Tafuta zile za zamani zenye waya ndani, zinazounguza ukizigusa. Funga mbili za wati 60 badala ya moja kubwa, ili moja ikiungua nyingine ibaki. Piga hesabu pia: hizo mbili zikiwaka saa 24 zinakula uniti 2.88 kwa siku, yaani kama uniti 60 kwa wiki tatu. Kama mnachangia LUKU na wapangaji wenzako, zungumzeni mapema, la sivyo vifaranga watavunja undugu.

Kigoma tuliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022, baada ya miaka mingi ya majenereta ya dizeli. Lakini hata gridi hukatika, kwa hiyo mkaa usikose. Shangazi yangu hutumia chungu. Mkaa anauwasha nje mpaka ukolee wote, anaufunika jivu kidogo ili udumu, kisha anakiweka chungu juu ya matofali na kukizungushia waya ili vifaranga wasiunguzwe.

Hapa naomba tusikilizane. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Inashika damu na kuifukuza oksijeni, na mtu aliyelala haamki. Mkaa kutokutoa moshi hakumaanishi uko salama. Usilale chumba kimoja na jiko la mkaa, hata kama geto ni moja na usiku ni wa mvua. Walee kwenye banda au stoo, na uache upenyo wa hewa juu, usiopuliza chini walipo.

Kupanga ni rahisi. Zungusha maboksi yawe duara, maana kwenye kona ndiko wanakorundikana. Mwaga maranda chini. Ning'iniza balbu kama sentimita 45 kutoka chini, upande mmoja, ili upande wa pili ubaki na ubaridi kiasi. Kifaranga lazima awe na pa kukimbilia joto likizidi. Maji na chakula viweke mbali kidogo na balbu. Kipimajoto kikae usawa wa mgongo wa kifaranga, kwa sababu joto la ukutani yeye halimhusu.

Kisha watazame. Wakibanana chini ya taa na kulia, wana baridi, shusha balbu. Wakikimbilia pembeni huku wanahema midomo wazi, ipandishe. Wakijazana upande mmoja tu, kuna upepo unaingia, tafuta tundu. Wakitawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala, hapo umepatia.

Na kabla hujalipia hata kifaranga mmoja, washa kila kitu usiku mzima duara likiwa tupu. Amka saa kumi alfajiri, usome kipimajoto. Kikionyesha 25, bado una hela yako mfukoni na muda wa kurekebisha.