Bastola Chini ya Kiti: Kesi za Makindu na Mwingi na Haki ya Kukata Rufaa

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi huipita Makueni bila kuijali sana. Mtito Andei ni mahali pa chai, Makindu ni mahali pa kunyoosha miguu, kisha ni Emali na Sultan Hamud. Naye atokaye Garissa hupita Mwingi, katika Kaunti ya Kitui. Jamaa zetu wengi huzitumia njia hizi mbili, na polisi huzilinda zote mbili. Ikikutwa bastola ndani ya mzigo au chini ya kiti, kesi kwa kawaida husikizwa karibu na pale silaha ilipokutwa, si nyumbani kwa mshtakiwa. Atasimama Makindu au Mwingi mbele ya hakimu asiyemjua, mbali na wazee wa mtaa wake na mbali na mama wa kumpelekea chakula rumande.

Mara nyingi jambo la kwanza ambalo watu wa nyumbani hulifanya ni kumtafuta mtu mkubwa wa kuwaombea. Wengine humwendea kadhi. Kadhi atawapa nasaha na dua, lakini Katiba, kifungu cha 170, imempa mamlaka ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu, basi. Kesi ya bunduki haimo. Wakili ndiye atafutwe. Asiye na uwezo wa kumlipa, Katiba hiyohiyo katika kifungu cha 50 yasema serikali itampa wakili pale ambapo dhulma kubwa yaweza kutokea akikosa, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliwekwa kwa ajili ya watu kama huyo. Lakini lazima aombe.

Jambo linalowagusa kina mama zaidi ni maana ya neno kumiliki. Sisi watu wa pwani tumelelewa katika amana. Jirani huacha sanduku, shemeji huacha mkoba, na haiba ya nyumba ni kutofungua cha mwenzio. Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, yakataza kuwa na silaha bila cheti, na bunduki za kivita mfano wa AK-47 na G3 zaweza kumfikisha mtu kifungo cha maisha. Kuwa nayo si lazima kuishika mkononi. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 4, yasema mtu amemiliki kitu hata kikiwa mahali pengine au kwa mtu mwingine, mradi anajua na kipo kwa manufaa yake au ya mwenzake. Wakiwa watu wawili au zaidi, na mmoja wao anacho kitu hicho kwa kujua na kuridhia kwa wengine, basi wote wanacho.

Neno kujua ndilo roho ya utetezi. Mke ambaye chumbani mwake imekutwa bastola ndani ya mkoba wa mgeni si mwenye hatia kwa sababu tu chumba ni chake. Upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha kwamba alijua. Kwa hiyo hutakiwa kuulizwa: ni nani wengine walilala hapo, ufunguo ulikuwa kwa nani, mkoba ulikuwa wa nani, ni nani aliyekuwapo polisi walipopekua, na orodha ya vitu vilivyochukuliwa ilitiwa saini na nani. Haya yaandikwe mapema, siku ileile ikiwezekana. Tena chuma kilichookotwa ni lazima kichunguzwe na mtaalamu wa silaha aseme kama kweli ni bunduki kwa maana ya sheria, na lazima ionekane kwamba kilichofika kwake ndicho kilekile kilichotolewa chini ya kiti. Mnyororo huo ukikatika, wakili apata pa kushika.

Yote hayo hupotea mshtakiwa akikiri kwa haraka. Asomewapo mashtaka kwa Kiingereza, akatafsiriwa nusunusu, akaitikia kwa hofu, kesi yaweza kwisha asubuhi hiyo. Aliyekiri hana rufaa juu ya hatia yake, ila juu ya kipimo au uhalali wa adhabu. Ndiyo maana kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973 ingali yatajwa mahakamani hadi leo: mashtaka yaelezwe kwa lugha anayoifahamu mshtakiwa, jibu lake liandikwe kama alivyolitamka, kisha asomewe maelezo ya tukio na aulizwe kama anayakubali. Hayo yasipofanyika, Mahakama Kuu yaweza kubatilisha kukiri huko. Na mkalimani ni haki yake bila malipo, awe Msomali, Mborana au Mbajuni.

Penye unyang'anyi wa kutumia silaha mambo huwa mazito zaidi, kwani adhabu iliyoandikwa ni kifo, ingawa Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987. Watu hudhani bunduki isipopatikana kesi imekwisha. Sivyo, yatosha kuwa wanyang'anyi walikuwa zaidi ya mmoja, au walimpiga mtu. Hapo utetezi huegemea utambuzi. Mwaka 1953, katika kesi ya Abdalla bin Wendo, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilionya kwamba ushahidi wa mtu mmoja aliyeona katika hali ngumu, kama vile usiku, upimwe kwa uangalifu mkubwa kabisa. Taa ilikuwa wapi? Alimwona kwa muda gani? Mafakihi wetu nao wamefundisha tangu zamani kwamba shaka huiondoa adhabu ya hadi.

Akishahukumiwa Makindu, rufaa huenda Mahakama Kuu ya Makueni, mjini Wote. Akihukumiwa Mwingi, huenda Kitui. Muda ni siku 14 tangu kutolewa kwa adhabu. Aliye gerezani aweza kumkabidhi mkuu wa gereza hati yake ya rufaa, naye ni wajibu wake kuipeleka. Nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi iombwe siku hiyohiyo kwa maandishi, kwani kucheleweshewa nakala ni sababu ambayo mahakama huikubali kwa aliyepitwa na muda. Kutafuta watu wakubwa si sababu. Kesi ya Okeno ya mwaka 1972 yamtaka jaji wa rufaa aupime ushahidi wote upya, akikumbuka tu kwamba yeye hakuwaona mashahidi.

Wakili mwema atawaambia pia lisilopendeza: jaji aliyeombwa kupunguza adhabu aweza kuizidisha. Baada yake ipo Mahakama ya Rufaa, nayo katika rufaa hiyo ya pili husikiza hoja za kisheria peke yake. Milango hiyo ikifungwa, na baadaye ukatokea ushahidi mpya wenye nguvu, mathalani mwenye mkoba akajulikana, kifungu cha 50 cha Katiba chamruhusu mfungwa kuiomba Mahakama Kuu kesi yake isikizwe upya.