Risasi ya Shotigani Hupimwa Nyumbani, Si Uwanjani

Mashindano ya shabaha ya kikauboi, yale yanayosimamiwa na chama cha SASS cha Marekani, huamuliwa na saa. Mshindani hutumia silaha nne za mitindo ya karne ya 19: bastola mbili, raifo na shotigani. Kila shabaha anayoikosa humwongezea sekunde 5. Shotigani yake haijazwi mapema. Huichukua ikiwa tupu wakati saa imeshaanza kuhesabu, huchomoa risasi mbili mkandani, huzitumbukiza, hufunga, hufyatua, hufungua, kisha huivuta bunduki nyuma kwa nguvu ili maganda yaruke yenyewe, kwa sababu kanuni haziruhusu bunduki ya mitutu miwili iliyo na mtambo wa kutema maganda. Mjuzi hufanya yote hayo kufumba na kufumbua. Lakini risasi moja ikigoma kuingia, au ganda moja likigoma kutoka, utamwona amesimama anachokonoa chemba kwa kucha huku washindani wenzake wakihesabu sekunde zake kwa furaha.

Hapo ndipo lawama huanza. Bunduki mbovu, kiwanda kibovu, bahati mbaya. Ukweli ni kwamba risasi nyingi zinazonasa uwanjani zingeweza kugundulika siku moja kabla, mezani, bila kufyatua hata moja.

Tuanze na jinsi risasi hii inavyokaa ndani ya bunduki. Geji 12, ambayo ndiyo inayotumika zaidi mashindanoni, ilipata namba yake zamani: matufe 12 ya madini ya risasi yenye upana wa mtutu hutimiza ratili moja. Ndiyo maana namba ikipanda mtutu hupungua, na geji 20 ni nyembamba kuliko geji 12. Risasi yenyewe ni ganda la plastiki lililopachikwa kwenye kitako cha metali. Ndani mna baruti, juu ya baruti kuna kikombe cha plastiki kilichobeba marisau, na mdomo wa ganda hukunjwa kufunga vyote. Katikati ya kitako kuna fataki. Kuzunguka kitako kuna ukingo wa upana wa milimita 22.5 hivi na unene usiofika milimita 2, na huo ukingo ndio unaoizuia risasi isizame mtutuni. Hutua juu ya ngazi ndogo iliyochongwa mdomoni mwa chemba. Ukingo ukiwa mnene kupita kiasi, bunduki ya mitutu miwili haifungi. Ukiwa umepinda au kumeguka, ukucha wa kuvuta ganda hauna pa kushika.

Vipimo hivi havikuachwa kwa kila kiwanda kujiamulia. Huko Ulaya vinasimamiwa na CIP, tume ya kimataifa iliyoanza mwaka 1914, na huko Marekani na SAAMI, taasisi ya watengenezaji iliyoanza mwaka 1926. Wazo lao ni moja: risasi kubwa kuliko zote zinazoruhusiwa bado iwe ndogo kuliko chemba ndogo kuliko zote. Kwa hesabu hiyo, risasi yoyote halali ingepaswa kuingia chemba yoyote halali. Wapo wanaoishia hapo na kusema sanduku jipya la dukani halihitaji kupimwa. Mimi sikubaliani nao. Kiwanda kilipima risasi siku ilipotoka. Hakikuona ilivyodondoka sakafuni, ilivyobanwa chini ya mizigo garini, wala chemba ya bunduki yako ilivyojaa utando wa plastiki iliyoyeyuka mwaka mzima.

Balaa kubwa zaidi ni risasi zilizojazwa upya. Marekani wachezaji wengi huokota maganda yao, au ya wenzao, na kuyajaza tena ili kupunguza gharama. Ganda likifyatuliwa hutanuka na kuchukua umbo la chemba lilimokuwa. Likitoka katika bunduki yenye chemba pana halafu likajazwa na kupelekwa kwenye bunduki yenye chemba ya kubana, kitako chake kitakwama nusu ya njia. Kwa hiyo mashine ya kujazia huwa na hatua ya kukibana kitako kirudi kipimo chake. Kampuni ya MEC ya Wisconsin, kwa mfano, hutengeneza kifaa cha kazi hiyo peke yake, chenye vidole vya chuma vinavyokikumbatia kitako pande zote. Anayeruka hatua hiyo kwa kuona maganda yake "ni mazuri tu" ndiye atakayekutana na aibu uwanjani.

Sasa kipimo chenyewe. Kipimio bora kuliko vyote ni chemba ya bunduki utakayoitumia, na kuna njia moja tu salama ya kukitumia: mtutu uwe umetolewa kwenye bunduki na kulala peke yake mezani, mbali na pini inayogonga fataki. Usithubutu kupitisha risasi hai ndani ya bunduki nzima ukiwa sebuleni, eti unaona kama inafunga. Hakuna kombe linalostahili tundu kwenye ukuta wa jirani.

Kabla ya kugusa risasi, sugua chemba kwa brashi ya shaba na dawa ya kusafishia, kisha uipanguse ikauke. Chemba chafu hutoa hukumu ya uongo. Kisha simamisha mtutu, mdomo wake ukitazama chini juu ya kitambaa, na uiachilie risasi kwenye chemba kwa vidole viwili bila kuisukuma. Inayofaa huteremka kwa uzito wake na kutua kwa mlio mmoja mkavu. Pitisha kidole gumba juu ya kitako: ukingo uwe umezama sawasawa na uso wa chuma, na fataki iwe sawa na kitako au chini yake kidogo. Pindua mtutu, risasi idondokee kiganjani. Ikihitaji kusukumwa kuingia au kuvutwa kutoka, iweke kando. Bunduki ya mitutu miwili ina chemba mbili, na haziwi pacha siku zote. Pima kwenye ile inayobana zaidi.

Kidole gumba kinajua mambo ambayo jicho halioni. Fataki iliyochomoza, hata kwa unene wa ukucha, ni hatari katika bunduki za pampu na za nusu otomatiki, kwa sababu bolti hujifunga kwa kishindo na inaweza kuigonga kabla chemba haijafungika sawasawa. Risasi ya namna hiyo haiendi kwenye sanduku la mazoezi wala haipigwi nyundo irudi ndani. Inavunjwa na mtu anayeijua kazi hiyo, basi. Mdomoni angalia mkunjo: ukivimba pembeni, risasi itakwaruza kwenye chemba unapoharakisha, ukiwa na tundu katikati, marisau yatavuja mfukoni na kwenye mitambo ya bunduki. Mashindano ya silaha tatu (bastola, raifo na shotigani), ambako watu hujaza risasi mbilimbili au nnenne kwa mkupuo mmoja, yamewafanya wachezaji wawe wachaguzi mno wa mkunjo. Hata urefu wa risasi iliyokunjwa wanaupima, maana chapa hutofautiana kwa milimita chache, na bomba la bunduki linalomeza risasi nane za chapa moja huenda likakataa ya nane ya chapa nyingine.

Na urefu ndiyo sehemu inayodanganya kuliko zote. Namba ya milimita 70 iliyoandikwa kwenye sanduku ni urefu wa ganda baada ya kufyatuliwa, mkunjo ukiwa umefunguka. Kabla ya hapo risasi hiyo ina milimita 58 hivi. Kwa hiyo risasi ya milimita 70 huingia bila taabu yoyote katika chemba ya milimita 65, na ya milimita 76 huingia katika chemba ya 70. Itatua kwa mlio ule ule mkavu na itadondoka kiganjani vilevile. Shida huja inapofyatuliwa: mkunjo hutaka kufunguka na haupati nafasi, mdomo wa ganda hujibana pale chemba inapoanza kuwa mtutu, marisau hupita kwenye njia iliyosongwa na shinikizo hupanda. Kipimo cha kudondosha hakiwezi kuligundua kosa hili. Dawa yake ni kusoma. Urefu wa chemba huchongwa kwenye mtutu au ubavuni mwake, na kwenye bunduki za Uingereza hukaa pamoja na alama za nyumba za ukaguzi za London na Birmingham.

Lipo kosa jingine la kusoma, baya zaidi. Ukingo wa risasi ya geji 20 una milimita 19.4 hivi. Chemba ya geji 12 ina zaidi ya milimita 20, na mtutu ulio mbele yake una 18.5. Fanya hesabu mwenyewe: risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kwenye geji 12 hupita chemba yote, huenda kukwama mwanzoni mwa mtutu, na anayechungulia haraka huona chemba tupu. Akiweka ya geji 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka karibu kabisa na mkono wake wa mbele. Ndiyo sababu maganda ya geji 20 Marekani hutengenezwa ya rangi ya manjano. Katika mashindano ya skiti ya Kimarekani, ya kupiga visahani vya udongo, ambako mtu huyo huyo anaweza kushiriki geji 12, 20, 28 na ile ndogo ya 410 katika mashindano yale yale, mifuko inachanganyika kirahisi. Kanuni ya wazoefu ni kumwaga mfuko wote hadi mshono wa chini kabla ya kubadili bunduki, na mimi naona ingepaswa kuwa kanuni ya kila mtu mwenye bunduki zaidi ya moja.

Turudi kwa kauboi wetu na ganda lake lililogoma kutoka. Inawezekana alipima risasi zake zote na zote zikafaulu. Kipimo cha mezani huonyesha risasi itaingia. Hakisemi ganda litatokaje. Baruti inapowaka, kitako hutanuka na kuziba chemba, kisha hutakiwa kujirudi. Shaba ya njano hujirudi vizuri. Vitako vya chuma kilichopakwa rangi ya shaba, vinavyopatikana kwenye risasi nyingi za bei nafuu, hujirudi kwa shida na hung'ang'ania, hasa chemba ikiwa na mikwaruzo. Sumaku ndogo humaliza ubishi huo dukani: ikishika kwenye kitako, ni chuma. Ganda lenyewe nalo lina sura mbili, lenye mistari na lililo laini, na wachezaji wa kikauboi karibu wote hupenda laini kwa kuwa huteleza. Wengi pia huwapelekea mafundi bunduki zao wazing'arishe chemba. Uamuzi wa mwisho hutolewa na mazoezi: chukua risasi kadhaa za sanduku lile lile, zifyatue uwanjani kwa kasi ya mashindano, uone maganda yanavyoruka.

Kwa wanaopiga visahani vya udongo chini ya ISSF, shirikisho linalosimamia mchezo huu kwenye Olimpiki, kuna mkaguzi wa pili asiye chemba. Kanuni zinataka risasi isizidi urefu wa milimita 70, marisau yasizidi gramu 24 kwa msamaha wa nusu gramu, na kila chembe isizidi kipenyo cha milimita 2.6. Waamuzi wana haki ya kuchukua risasi za mshindani na kuzikagua. Trapu ya visahani 125, kila kimoja kikiruhusiwa risasi mbili, inaweza kumeza risasi 250, kwa hiyo anayejaza mwenyewe hana budi kupima uzito wa mzigo wake mara kwa mara.

Madukani huuzwa pete na vibao vyenye matundu vya kupimia, na wenye haraka huvipenda. Ni vyombo vizuri, ila vingi vimechongwa kwa kipimo kidogo kabisa, hivyo vitakataa risasi ambazo bunduki yako ingezipokea. Sioni ubaya: zilizokataliwa kwa kubana tu ziwe za mazoezi, zilizopita ziwe za mashindano, na makundi hayo yasikae sanduku moja. Kalipa peke yake haitoshi, kwani hupima mahali pamoja ilhali uvimbe unaweza kuwa upande wa pili.

Na ikitokea, pamoja na yote hayo, bunduki ikakataa kufunga uwanjani, usiipige kiganja wala usiibamize gotini. Elekeza mtutu panapostahili na uitoe risasi. Ukifyatua kisha kusiwe na mlio, subiri sekunde 30 mtutu ukiwa umeelekea shabaha, ndipo ufungue. Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, simama, toa kila kitu na uchungulie mtutu kutokea nyuma kabla ya kuweka risasi nyingine, maana kikombe cha plastiki huenda kimebaki humo.

Neno moja kwa aliyerithi shotigani ya Kiingereza kutoka kwa baba au babu: nyingi za bunduki hizo zilichongewa chemba ya milimita 65, na risasi zilizojaa madukani leo ni za 70. Mpelekee fundi mwenye leseni aipime chemba kabla hujanunua sanduku lolote, hata kama risasi ya rafiki yako iliingia vizuri.