Babu Bado Yuko Hemani

Wajukuu zangu, kila likizo mnaniuliza mbona bado nalala hemani na umri huu. Nitawajibu kwa habari za mzee mwingine, aliyezikwa Nyeri, mkabala na Mlima Kenya.

Aliitwa Robert Baden-Powell. Alizaliwa London mwaka 1857, akawa mwanajeshi. Siwafichi: vita alivyopigana Afrika vilikuwa vya kikoloni, na huko Matabeleland, mwaka 1896, ndiko alikoipata pembe ya tandala nitakayoitaja sasa hivi. Wengi humsifu wakaruka hapo. Mimi siruki.

Agosti 1907, akiwa na miaka 50, aliwachukua wavulana wapatao 20 hadi Brownsea, kisiwa kidogo cha kusini mwa Uingereza, wakapiga kambi. Baadhi walisoma shule za matajiri. Wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi wa Poole na Bournemouth. Enzi hizo watoto wa aina hizo mbili hawakuzoea kula pamoja, sembuse kulala kambi moja.

Asubuhi iliyowakuta huko waliamshwa na ile pembe. Mzee aliwagawa katika vikosi vinne: Mbwa Mwitu, Mafahali, Kunguru na Sululu. Nyinyi wa pwani mnamjua sululu, ndege wa ufukweni mwenye mdomo mrefu uliopinda. Kila kijana alitakiwa aweze kutoa mlio wa mnyama wa kikosi chake. Hebu fikirini: jenerali mzima, shujaa wa magazeti, anasahihisha mlio wa fahali! Wakafundishwa kufuata nyayo, kunyemelea, kupika wenyewe. Usiku, kando ya moto, ilikuwa zamu ya hadithi zake.

Sasa sikilizeni jambo ninalolipenda zaidi. Kila kikosi kilikuwa na kiongozi mtoto, na mtoto huyo ndiye aliyewajibika kwa mwenendo wa wenzake. Baden-Powell hakuwa na haja ya kukimbia mbele ya kila mtu. Mzee anayetaka kuwashinda vijana mbio atalala hoi jioni ya kwanza, na vijana watamcheka, tena kwa haki. Lakini anayewaachia mbio zao hubaki na nafasi ya kutazama, kuuliza, kushangaa pamoja nao. Kushangaa hakuhitaji magoti.

Mwaka uliofuata aliandika kitabu, na wavulana wakaanza kuunda vikosi vya maskauti bila kungoja ruhusa. Mwaka 1909, kwenye mkutano wa Crystal Palace, London, wasichana nao wakatokea wamevaa kiskauti, wakitaka wahesabiwe. Hakuwa amewaalika. Ndivyo watoto walivyo. Ukiwafungulia mlango mmoja, wanaingia hata kwa dirisha.

Mwaka 1929 maskauti wa dunia walikutana Arrowe Park, Uingereza. Mvua ikanyesha hadi uwanja ukawa tope tupu. Aliyepuliza pembe ya tandala kuufungua mkutano ni yuleyule, sasa ana miaka 72. Alifika pia mkutano wa Uholanzi mwaka 1937, akiwa na miaka 80, akawaaga vijana. Mwaka 1938 yeye na mkewe Olave wakahamia Nyeri, katika nyumba ndogo kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan. Huko alichora wanyama na kuendelea kuandika. Alifariki tarehe 8 Januari 1941. Maskauti kutoka nchi nyingi bado huja kwenye kaburi lake, lenye duara na nukta katikati: alama ya njiani ya kiskauti kwamba mwenye safari amekwenda nyumbani.

Basi nami nina kazi zangu kambini. Naamka kabla yenu kuchochea moto, kwa kuwa wazee usingizi hutukimbia hata hivyo. Nakagua kama mmefunga kamba za mahema au mmezisokota tu. Mlima Longonot pandeni wenyewe, na kiongozi wenu awahesabu mkienda na mkirudi. Mimi nitabaki na sufuria ya maharagwe, halafu mtanieleza mlichoona. Msinionee huruma. Safari iliyopita msichana mmoja alishuka na unyoya mweusi wenye madoa meupe, akaniambia ni wa tai. Tulibishana hadi moto ukazimika, na mpaka leo hataki kukubali kwamba ni wa kanga.